Kuwazoeza Njiwa wa Mashindano



Leo nimepewa nafasi ya kusema nanyi habari za njiwa. Sisemi habari za njiwa wa kitoweo, wala za wale hua wanaolia mashambani wakati wa mavuno. Nasema juu ya njiwa manga wafugwao kwa ajili ya mbio za kurudi kwao. Njiwa hao huchukuliwa ndani ya tenga mpaka mahali mbali, wakafunguliwa wote pamoja, na yule arudiye kwake kwa mwendo mkubwa kuliko wenziwe ndiye mshindi.

Kabla sijaanza kufundisha, yanipasa kuungama kosa langu, maana mengi nitakayosema leo niliyajua kwa hasara.

Nyumbani kwangu ni Momela, upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru, karibu na yale maziwa ya magadi wanakotua heroe. Mwaka mmoja nilikuwa na njiwa kumi na wawili, vijana wa miezi mitano. Aliyewalea ni mwanangu, naye wakati huo alikuwa darasa la tano. Kila alasiri aliwapigia mluzi huku akitikisa mtama ndani ya kopo, nao walishuka mmoja mmoja mpaka miguuni pake. Walikuwa wamekwisha kufunguliwa Usa River mara tatu, mwendo wa kilomita 17 hivi kwa njia ya angani, na mara zote tatu walirudi wote.

Mwezi wa Juni niliitwa Same kwa kazi ya shule. Hapo moyo ukanidanganya. Nikawaza, "Kama wamerudi kutoka Usa mara tatu, watashindwaje kurudi kutoka Same?" Tena, kwa kusema kweli, nilitaka walimu wenzangu waone jinsi nilivyo fundi. Basi nikawalisha mahindi tele usiku na alfajiri, nikidhani nawatia nguvu, nikawashindilia wote katika tenga moja dogo, nikaenda nao. Saa nne asubuhi, mbingu zikiwa zimefunikwa na mawingu mazito pande zote, nikafungua tenga. Wakazunguka juu yetu mara nyingi, kisha wakatoweka. Wenzangu wakapiga makofi.

Siku ile hakurudi hata mmoja. Kesho yake walirudi wawili, na siku ya tatu wawili tena. Siku ya tisa mwanangu alimwona njiwa mmoja akija kwa miguu katika njia itokayo maziwani, bawa moja likiburura mavumbini. Akamwokota, akamnywesha maji, akamweka katika kisanduku chenye nyasi. Kisha akaniuliza, "Baba, na wale saba umewaacha wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Lakini tangu siku hiyo nilianza kujifunza upya, na niliona kwamba makosa yangu yalikuwa manne. La kwanza, niliwarusha mbali kabla hawajawa tayari. La pili, niliwalisha vibaya. La tatu, niliwafungua siku isiyofaa. La nne, niliwasafirisha kwa shida. Leo nitayaeleza hayo moja moja, ili mtu ye yote atakayependa kufuga njiwa asipate hasara kama yangu.

Kwanza tujiulize, njiwa huijuaje njia ya kwao? Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na wameona kwamba hana njia moja tu. Jua humwonyesha pande za dunia, naye anayo saa ndani ya mwili wake, hata ajue kwamba jua la asubuhi na jua la alasiri hayasimami mahali pamoja. Jua likifichwa na mawingu, huweza kuitumia nguvu ya sumaku ya dunia, kama vile baharia atumiavyo dira. Pia wataalamu wa Italia, tangu miaka ya 1970, walionyesha kwamba harufu zinazochukuliwa na upepo humsaidia kujua yuko upande gani wa kwao. Na akiisha kukaribia mahali anapopajua, hutumia macho yake: huufuata mlima, mto, hata barabara ya magari.

Basi angalieni. Mengi katika hayo ni ya kujifunza. Kinda hazaliwi akiijua harufu ya upepo wa Sanya, wala umbo la Meru lionekanavyo kutoka Moshi. Mungu amempa kipawa, na mfugaji humpa nafasi ya kukizoeza. Njiwa wangu walikijua kipande kidogo tu cha nchi kati ya Usa na Momela. Nilipowapeleka Same nilikuwa kama mwalimu ampaye hesabu za darasa la saba mtoto aliyejifunza kujumlisha jana.

Sasa tuanze na nyumba, maana njiwa hurudi kwa sababu ana nyumba anayoipenda. Kibanda cha njiwa kiwe kikavu, kisipitishe mvua, kiwe na hewa ya kutosha bila upepo mkali wa kuwapiga usiku. Kisimame juu ya nguzo, nazo zifungwe mabati ili panya na kicheche wasipande. Kila njiwa awe na kijiti chake cha kulala na kila jozi iwe na sanduku lake la kutagia, maana njiwa hugombea mahali pake kama mtu agombeavyo shamba. Mbele ya mlango pawe na ubao mpana wa kutua. Uchafu uondolewe kila siku, na mwenye kufagia ajifunge kitambaa puani na mdomoni, kwa kuwa vumbi la kinyesi cha njiwa, likivutwa siku nyingi, huleta maradhi ya mapafu.

Njiwa jike hutaga mayai mawili, na mume na mke huyaatamia kwa zamu siku 17 au 18. Makinda hulishwa na wazazi wote wawili kwa maziwa yatokayo katika gole. Wanafunzi, liangalieni jambo hili la ajabu, kwamba baba naye ana maziwa! Kinda akitimiza siku saba hivi huvikwa pete yenye namba. Vidole vitatu vya mbele huingizwa kwanza, kisha pete hupandishwa na kile cha nyuma hutolewa. Baada ya siku chache mguu umekwisha kunenepa, na pete haitoki tena. Hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Akifikia wiki nne hivi huachishwa wazazi. Hapo masomo huanza. Kwa muda wa wiki moja makinda wakae katika kizimba cha wavu juu ya ubao wa kutua, wautazame ulimwengu unaowazunguka. Kisha wafunguliwe kwa mara ya kwanza wakati wa jioni, kabla ya kula, ili njaa iwavute ndani. Mwenye kuwalisha na apige mluzi ule ule kila siku na kutikisa kopo lile lile. Samaki mkunje angali mbichi; njiwa asiyejifunza kuingia mara aitwapo atakaa juu ya paa siku ya mashindano, na saa itakwenda huku ukimtazama.

Wakiisha kuzoea, waruke kuzunguka nyumbani asubuhi na jioni. Mwanzo ni dakika chache tu. Baadaye, wenyewe wakiwa na nguvu, wataruka nusu saa, hata saa nzima, na mara nyingine watapotea machoni na kurudi tena. Hiyo ni dalili njema. Msiwarushie mawe kuwalazimisha. Njiwa aliyechoka aachwe apumzike, nawe ujiulize kwa nini amechoka.

Sasa naja kwenye safari. Katika nchi yetu ya Momela tunao mlima, nao unazidi meta 4,500. Njiwa mchanga aliyefunguliwa Arusha mjini hukuta mabega ya Meru yakimziba, na mara nyingi mawingu yamelala hapo. Kwa hiyo masomo ya kwanza yafaa yafanyike upande wa mashariki na kusini mashariki, kwenye uwanda ulio wazi. Utaratibu wangu wa sasa ndio huu. Mara tatu nne nawafungua kilomita 3 hadi 5 kutoka nyumbani, mahali ambapo kibanda hakionekani. Kisha kilomita 10. Kisha Boma Ng'ombe, ambako ni kilomita 25 hivi kwa njia ya angani. Kisha Moshi, kilomita 50. Kisha Mwanga, karibu na kilomita 90. Ndipo Same, ambako ni kilomita 130 hivi. Kila mahali wafunguliwe angalau mara mbili, na kati ya safari na safari wapate siku moja au mbili za kupumzika. Wakichelewa mahali fulani, siwapeleki mbele. Nawarudisha nyuma hatua moja. Tena, hapo kati ya kilomita 10 na 25 ni vizuri kuwafungua mmoja mmoja, ili kila mmoja ajue njia kwa akili zake mwenyewe, asiwe mfuasi wa wenziwe.

Hata Arusha nawapeleka, lakini mwisho, wakiisha kuwa na nguvu na maarifa. Njiwa aliyezunguka mlima mara kadhaa hauogopi tena.

Kosa langu la pili lilikuwa chakula. Watu wengi hufikiri kwamba kumlisha sana mnyama ndiko kumtia nguvu. Lakini njiwa mwenye gole lililojaa mahindi makavu hawezi kuruka vema. Huwa kama mtu aliyeshiba ugali akaambiwa akimbie. Njiwa mmoja hutosheka na gramu 30 hivi za nafaka kwa siku nzima, zikigawanywa asubuhi na jioni. Acheni kumlisha wakati anapoanza kwenda kunywa maji, maana hapo ameshiba.

Jambo lililo kubwa ni kujua chakula gani kitolewe siku gani. Njiwa arukaye mbali huchoma mafuta yaliyo mwilini mwake, kama gari lichomavyo petroli. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Basi, tuseme mashindano ni Jumamosi. Jumapili njiwa wapumzike, waoge katika karai la maji, na wale chakula chepesi: shayiri kwa wingi na mtama kidogo. Shayiri hulimwa katika wilaya zetu za kaskazini, wala si vigumu kuipata. Jumatatu na Jumanne chakula kiwe kile kile, kikiongezwa kunde, choroko, au mbaazi, ambazo hujenga nyama ya mwili iliyochoka. Kuanzia Jumatano shayiri ipunguzwe na mahindi madogo yaongezwe. Alhamisi na Ijumaa mahindi yawe mengi, pamoja na alizeti na punje chache za karanga mbichi zisizotiwa chumvi. Mlo wa mwisho utolewe mapema kabla ya kuingizwa tengani, nao uwe mdogo. Asubuhi ya kufunguliwa wapewe maji tu.

Kwa hiyo mwaona kwamba nguvu ya Jumamosi hutiwa kuanzia Jumatano. Nguvu haimiminwi alfajiri moja, kama nilivyodhani mimi.

Kuna na vitu vingine vidogo ambavyo njiwa hawezi kuishi bila hivyo. Hana meno, basi husaga chakula ndani ya firigisi kwa msaada wa changarawe. Mpe changarawe safi, maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni na kutwangwa, mkaa kidogo na chumvi kidogo. Maji yawe safi kila siku, katika chombo chenye kina cha kutosha, kwa sababu njiwa hazamishi mdomo na kuinua kichwa kama kuku. Huuzamisha na kufyonza kama ng'ombe. Sisi wa Momela tuna shida ya maji. Ya maziwani ni magadi, na mito mingine ina floridi nyingi, ile itiayo meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Mimi huwakingia njiwa wangu maji ya mvua kutoka katika bati, kama ninavyowakingia watu wa nyumbani.

Kosa la tatu ni siku isiyofaa. Tangu Juni mpaka Agosti, ukungu na mawingu huweza kulala juu ya Meru na uwanda wake mpaka saa nne au tano asubuhi. Usifungue njiwa katika ukungu, wala mvua ikiwa njiani, wala jua likiwa limekaribia kuchwa. Ngoja. Aliye safarini na apige simu kwa aliye nyumbani aulize kama mlima unaonekana. Kama haukuonekana, tenga lisifunguliwe, hata kama watu mia wanasubiri kutazama. Njiwa wanaotoka Same wanatoka mahali pa chini kuja mahali pa juu. Wakipigwa na upepo wa mbele na kufunikwa na mawingu, huishiwa nguvu kabla ya kuona nyumba. Tena wako adui wa angani: kipanga, kozi na jamii zao, ambao wakati wa kulisha makinda yao huwa wakali. Njiwa mwenye afya, arukaye pamoja na wenziwe, huponyoka mara nyingi. Mchovu na mpweke ndiye akamatwaye.

Kosa la nne ni tenga. Njiwa asiyezoea tenga hupigana, hupanda juu ya wenziwe, huvunja manyoya, wala hajui kunywa maji humo. Huwa amechoka kabla ya safari. Basi mzoeze: mlaze tengani usiku mmoja nyumbani, mara kadhaa, akiwa na chombo cha maji kilichofungwa ubavuni. Tenga liwe pana, liwe na majani makavu chini, na lipitishe hewa. Madume na majike yafaa yasafiri mbalimbali. Mkifika mahali pa kufungulia, msiwafungue mara moja. Wapeni nusu saa au zaidi watulie, wanywe, walitazame jua.

Sasa mtaniuliza, "Mwalimu, tutajuaje kwamba njiwa yuko tayari?" Mwili wake utakuambia. Mshike mkononi: mwepesi kuliko anavyoonekana, na misuli ya kidari imejaa pande zote mbili za mfupa. Puliza manyoya ya kidari uone ngozi. Iwe na rangi ya waridi, safi, isiyo na magamba. Jicho ling'ae. Vinundu vilivyo juu ya mdomo, penye pua, viwe vyeupe kama chokaa. Kinyesi kiwe kidogo, kigumu, chenye weupe juu. Asubuhi ukikuta manyoya madogo laini yametapakaa sakafuni, furahi, ni dalili ya afya. Kisha tazama manyoya makubwa kumi ya bawa. Hupukutika moja moja, kuanzia la ndani kwenda nje, na mengine huota mahali pake. Njiwa mwenye pengo la manyoya mawili matatu yaliyofuatana asipelekwe mbali. Mashindano yatakuwako mwezi ujao, naye apumzike.

Mgonjwa asisafiri kabisa. Ukiona utando wa njano kooni, au vidonda vya ndui machoni na miguuni, au shingo inayopinda na kutetemeka, mtenge mara moja na umwite bwana mifugo. Muulize pia juu ya chanjo ya mdondo. Mgonjwa mmoja katika tenga huwaambukiza njiwa wa kijiji kizima.

Iko siri nyingine waijuayo wafugaji wa Ubelgiji, nchi ambayo ndiyo mama wa mchezo huu. Njiwa huwa na mke mmoja na mume mmoja, nao hupendana. Basi dume hutengwa na mkewe wiki nzima, kisha huonyeshwa mkewe kwa dakika chache kabla ya kutiwa tengani, na akirudi humkuta akimngoja. Njia hii huitwa njia ya ugane. Jike naye huruka kwa bidii akiwa ameatamia mayai siku kumi hivi, au ana kinda dogo. Hakuna fimbo iwezayo kumleta njiwa kwa haraka kama kiota chake.

Huenda wako wanaosema moyoni kwamba haya yote ni mchezo wa watoto. Napenda kuwakumbusha kazi ambazo njiwa wamewafanyia wanadamu. Mwaka 1850 bwana Reuter alianza kutumia njiwa kupeleka habari za biashara kati ya Brussels na Aachen, kwa sababu waya wa simu ulikuwa haujaiunganisha miji hiyo. Na mwezi wa Februari 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege ya vita ya Waingereza, ikitoka upande wa Norwe, ilianguka katika Bahari ya Kaskazini. Ndani yake mlikuwa na njiwa jike, ambaye baadaye aliitwa Winkie. Alitoka, manyoya yake yamelowa mafuta, akaruka kadiri ya kilomita 190 mpaka kwake Broughty Ferry, karibu na Dundee katika Uskochi. Hakuwa na barua yo yote. Lakini mwenyewe alitoa habari, na wakuu wa jeshi wakapiga hesabu: ndege ilianguka saa ngapi, njiwa alifika saa ngapi, upepo ulivumaje, na mafuta yalimchelewesha kiasi gani. Kwa hesabu hiyo walijua mahali pa kutafuta, na watu wote wanne wakaokolewa. Mwaka 1943 Winkie alipewa Nishani ya Dickin, ambayo hutolewa kwa wanyama waliofanya mambo ya ushujaa.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayotumika katika mashindano. Kibanda cha kila mshindani kiko mahali pake, basi umbali haulingani. Mshindi hutafutwa kwa kugawanya umbali kwa muda. Wanafunzi, shikeni kalamu. Njiwa wa kibanda cha kwanza ameruka kilomita 50 kwa dakika 45. Njiwa wa kibanda cha pili ameruka kilomita 52 kwa dakika 46. Nani mshindi? Wa kwanza amekwenda meta 1,111 kwa dakika moja. Wa pili amekwenda meta 1,130. Basi wa pili ameshinda, ingawa alichelewa dakika moja. Kijiji chenye vibanda vitatu au vinne chaweza kuanza mashindano yake kwa pete, saa iliyosahihishwa, na mtu mmoja mwaminifu wa kuandika. Jambo moja nawaomba: msiweke fedha juu yake. Mwezi wa Novemba 2020 njiwa jike aitwaye New Kim aliuzwa kwa mnada huko Ubelgiji kwa Yuro 1,600,000, na habari hiyo iliwatia wengi tamaa. Lakini mtu atakaye kutajirika haraka kwa njiwa atafanya kama nilivyofanya mimi Same, kwa maana tamaa ya fedha na tamaa ya sifa zina haraka moja.

Nimalizie na habari za kibanda chetu. Yule aliyerudi kwa miguu alipona, lakini bawa lake lilikaa kombo, wala hakuruka tena mbali. Alikuwa jike. Tulimpa mume katika wale wanne waliosalia, na mwaka uliofuata tulianza upya na makinda, kilomita 3, kilomita 5, kilomita 10, bila kuruka hata hatua moja. Ilituchukua miezi mitatu kufika Same. Siku hiyo nilikwenda na njiwa wanane, na watatu kati yao walikuwa watoto wake. Nilimpigia mwanangu simu, akasema mlima unaonekana wote mpaka kileleni. Ndipo nikafungua tenga, saa mbili kamili asubuhi. Hapakuwa na mtu wa kupiga makofi.

Wa kwanza aliingia saa nne na dakika kumi. Mwanangu alikuwa amesimama chini ya ubao na kopo lake, akihesabu. Jioni niliporudi nilimkuta ameandika saa ya kila mmoja katika daftari lake, mpaka wa nane, na mlango wa kibanda ameufunga. Hakuniuliza neno.